MGENI NJOO, MWENYEJI APONE

Mazungumzo ya asubuhi redioni
Somo: Matendo ya Mitume 28:1–10

 

Wazee wetu walituachia methali isemayo: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mara nyingi twaitaja kwa mzaha. Mgeni afikapo kuku huchinjwa, na watoto wa nyumbani hupata kipande cha nyama ambacho wasingekipata siku hiyo. Lakini methali hii ina jambo zito ndani yake. Yasema kwamba ujio wa mgeni wapaswa kuiachia nyumba uzima kuliko ilivyokuwa kabla hajabisha hodi. Asubuhi ya leo twataka kuitumia kama kipimo, na tutavipima visiwa vyetu vya Ziwa Viktoria. Wageni wamekuja. Je, mwenyeji amepona?

Tuanze na somo letu. Mtume Paulo alikuwa mfungwa akipelekwa Roma, na merikebu yao ikavunjika katika dhoruba. Watu wote 276 waliokuwamo wakafika pwani salama, wengine wakiogelea, wengine wakishikilia mbao. Kisiwa walichofikia chaitwa Melita, nacho ndicho Malta ya leo. Mvua ilikuwa ikinyesha na baridi ilikuwa kali. Wenyeji, ambao hawakuwajua watu hawa wala lugha yao, waliwasha moto wakawakaribisha wote. Hawakuuliza kwanza nani ana fedha na nani ni mfungwa. Mkuu wa kisiwa, jina lake Publio, aliwapokea kwake siku tatu kwa ukarimu. Ndipo ikajulikana kwamba baba yake Publio yu mgonjwa, ana homa na anahara damu. Paulo akaingia chumbani, akaomba, akaweka mikono juu yake, naye akapona. Kisha wagonjwa wengine wa kisiwa wakaja, nao wakaponywa. Miezi mitatu baadaye wageni walipoondoka, wenyeji waliwaheshimu na kuwapakilia mahitaji ya safari.

Mwaona, wapenzi, jinsi methali ya wazee wetu ilivyotimia katika kisiwa kile, neno kwa neno. Mgeni alikuja, na mwenyeji akapona. Hata leo Malta hupokea kila mwaka wageni wengi mara kadhaa kuliko wenyeji wake. Basi habari ya wageni na visiwa si jambo geni katika Maandiko, wala si jambo dogo.

Hivi karibuni tulisafiri kutoka Migori, tukapita Rongo na Homa Bay hadi Mbita, na kutoka Mbita tukavuka daraja kuingia Rusinga. Baadaye tukapanda mashua ya injini kwenda Takawiri, na kutoka huko tukafika Mfangano. Visiwa hivi tulivijua tangu ujana wetu, katika miaka ya 1990. Siku hizo mtu alitembea kwa miguu kutoka kijiji hadi kijiji, na sauti aliyoisikia ilikuwa ya ng'ombe, ya watoto, na ya kasia majini. Usiku wavuvi wa omena waliwasha karabai zao, na mtu akisimama mlimani aliona taa nyingi mbali ziwani, kana kwamba mji umejengwa juu ya maji. Jumapili kengele ya kanisa ilisikika ng'ambo hii na ng'ambo ile.

Sasa mambo ni mengine. Bodaboda zimejaa njiani. Kandokando ya maji kuna hoteli, kambi za wageni na nyumba za kukodisha, na mabango ya ploti zinazouzwa. Siku ya Jumamosi mashua hufika Takawiri zikiwa na vijana waliovaa jaketi za kuelea majini, wakipiga picha kwenye ule mchanga mweupe. Muziki huendelea mpaka karibu na alfajiri ya Jumapili. Na tusidhani kwamba wageni hawa wote ni Wazungu kutoka ng'ambo. Wengi wao ni ndugu zetu wa Kisumu, Nairobi na Eldoret, na wengine ni vikundi vya makanisa yetu wenyewe. Tarehe 1 Juni 2025 taifa liliadhimisha Siku ya Madaraka huko Homa Bay, na jambo lililotiliwa mkazo lilikuwa uchumi wa majini, yaani riziki itokanayo na bahari na maziwa yetu. Tangu hapo hakuna awezaye kusema kwamba pembe hii ya nchi imefichika.

Mtu arudipo mahali alipopapenda akapakuta hivi, moyo wake huumia, na neno la kwanza kumtoka kinywani ni kwamba zamani palikuwa pazuri. Lakini yatupasa kuwa wakweli. Utulivu ule wa zamani si wote uliokuwa baraka. Ulikuwamo utulivu wa mama mwenye uchungu wa kuzaa aliyesubiri mashua usiku, na mashua haikuja. Ulikuwamo utulivu wa kijana aliyemaliza shule akakosa la kufanya. Leo binti wa Mfangano aweza kupata kazi ya upishi karibu na nyumbani kwao, na yule mwenye mashua aweza kulipa karo. Hayo nayo yatoka kwa Mungu, na anayemshukuru Mungu kwa utulivu wa jana hana budi kumshukuru pia kwa mkate wa leo.

Wala wageni hawakuanza kuja jana. Mwaka 1948 Mary Leakey alipata Rusinga fuvu la kiumbe wa kale afananaye na nyani, na wataalamu tangu hapo wamezidi kuja kuchimba. Mumewe, Louis, alikuwa mwana wa Kasisi Harry Leakey, mmisionari wa Kianglikana wa Kabete. Tangu mwaka 1969 watu wamekuja kulitazama kaburi la Tom Mboya, mwana wa Rusinga aliyeuawa Nairobi tarehe 5 Julai mwaka huo. Wengine hupanda milima ya Mfangano kutazama michoro ya kale, ile miduara myekundu na myeupe kwenye miamba ya Mawanga na Kwitone, ambayo Abasuba wameitunza kwa heshima vizazi vingi. Mtu ajaye kujifunza na kuheshimu namna hiyo, na aje.

Lakini yuko mgeni mwingine aliyekuja ziwani, na habari yake itufundishe. Katika miaka ya 1950 samaki aitwaye sangara, ambaye wengi wetu twamwita mbuta, alitiwa katika ziwa hili kutoka mahali pengine. Alikaa kimya miaka mingi. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa amejaa kila mahali, na fulu wetu wadogo wa namna nyingi walikuwa wameliwa, wengine wasionekane tena. Fedha zilikuja, naam, fedha nyingi. Viwanda vilijengwa, na minofu ikapelekwa Ulaya katika barafu. Na aliyezaliwa kando ya ziwa alikula nini? Alinunua mgongo wazi. Ninyi wa Homa Bay na Migori hamhitaji kuelezwa mgongo wazi ni nini. Ni kichwa na mifupa iliyosalia baada ya mnofu kuondolewa, ikakaangwa na kuuzwa sokoni kwa maskini. Mgeni alikuja, mnofu ukaenda mbali, na mwenyeji akaachiwa mifupa.

Na si mifupa tu. Biashara ya samaki ilipostawi ilizuka desturi iitwayo jaboya, mwanamke akadaiwa mwili wake ndipo mvuvi amwuzie samaki. Mauti ikaingia nyumba kwa nyumba. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba katika Homa Bay karibu mtu mzima mmoja kati ya watano alikuwa na virusi vya UKIMWI. Twamshukuru Mungu kwa dawa ambazo zimewarudishia wengi nguvu zao. Lakini makaburi tuliyoyachimba twayajua.

Kwa hiyo twauliza kwa hofu ya Mungu: je, utalii nao utatuachia mgongo wazi? Jibu halijaandikwa bado. Liko mikononi mwa watu wa namna tatu, na kwa kila mmoja tuna neno.

Neno la kwanza ni kwa ninyi wenyeji. Katika safari yetu tulimtembelea mama mzee mmoja, mjane, ambaye shamba lake lateremka mpaka majini. Alituwekea viti chini ya mti, akatuletea uji. Tulipomwuliza habari za wageni, alicheka kidogo.

"Mchungaji, mwanangu," akasema, "wageni si wabaya. Wananisalimu. Lakini zamani mgeni akifika sisi tulimwuliza, Umekula? Siku hizi yeye ndiye anatuuliza sisi, Bei gani?"

"Bei ya nini, mama?"

"Ya hapa tulipokaa. Wanangu wawili wako Nairobi, wanataka niuze. Wanasema fedha hizi hazitarudi tena. Mimi nawauliza, na mimi nikitaka maji nitapita wapi? Jirani yangu aliuza. Sasa kuna ua, na njia tuliyokuwa tukipita na mitungi tangu nilipoolewa imefungwa. Tunazunguka."

Kisha akanyamaza, akatutazama usoni. "Niambie wewe uliyesoma. Nikikataa, nitakuwa nimewanyima wanangu?"

Wapenzi wasikilizaji, swali hilo ni zito, na aliyesoma hana haki ya kulijibu upesi. Yako madeni ya hospitali. Iko karo. Yuko mtu aliyeuza kwa sababu hakuwa na njia nyingine, naye hatuwezi kumhukumu. Lakini tulimsomea mama huyu Mambo ya Walawi sura ya 25, mahali Mungu anapowakataza Israeli kuuza ardhi kabisa kabisa, kwa kuwa ardhi ni yake Yeye, na wao ni wageni wanaokaa kwake. Mama akatikisa kichwa akasema, "Kumbe hata mimi ni mgeni hapa." Naam, ndivyo. Mwenye shamba ni mgeni wa Mungu, na mgeni hana ruhusa ya kuuza mlango ambao watoto wa mwenye nyumba hupitia.

Tulimwambia kwamba kukataa si kuwanyima wanawe, maana urithi nao ni fedha, ila ni fedha isiyoisha mwezi wa tatu. Tukamshauri awaite wana wake wote, na mabinti pia, wakae chini ya mti ule ule na kuzungumza mbele ya wazee, kabla mtu yeyote hajatia sahihi karatasi. Sheria ya Kenya yataka shamba lisiuzwe pasipo idhini ya bodi ya ardhi, na nyumba ya ndoa isiuzwe pasipo mume na mke kukubaliana. Sheria hizo ziliwekwa kwa ajili ya wanyonge, basi wanyonge wazitumie. Na mara nyingi iko njia ya tatu kati ya kuuza na kukataa: kukodisha kwa miaka michache, kwa maandishi, njia ya maji ikiachwa wazi.

Babu zetu walilijua jambo hili. Kule Migori liko boma la Thimlich Ohinga, ambalo mwaka 2018 liliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kuta zake zilijengwa yapata karne ya 16, jiwe juu ya jiwe, pasipo udongo wala saruji, nazo zasimama hata leo. Mtu akilitembelea ataona kwamba wajenzi wale hawakuacha mahali pao wazi kwa kila apitaye, wala hawakujifungia pasipo mlango. Walijenga ukuta, na katika ukuta wakaweka lango jembamba. Mgeni aliingia, lakini aliingia langoni, na mwenye boma alijua nani ameingia. Ndugu zetu wa visiwani, wapokeeni wageni, lakini lango liwe mikononi mwenu. Mkizungumza na mnunuzi kila mtu peke yake gizani, ukuta wenu umekwisha kubomoka.

Neno la pili ni kwa wageni, yaani kwetu sisi tunaopanda mashua mwisho wa juma. Tazameni alichokifanya Paulo mara tu alipotoka majini. Alikuwa mfungwa, amelowa, amechoka, lakini hakuketi kusubiri kuhudumiwa. Alikwenda akaokota kuni, akazitia katika moto wa wenyeji. Ni katika kuokota kuni hizo nyoka alimwuma. Wazee wetu nao walisema kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Paulo hakungoja siku ya tatu.

Basi wewe uendaye Rusinga au Takawiri, uokote kuni zako. Usipite mama auzaye samaki ufuoni ukanunua chakula ulichokibeba kutoka mjini. Usibishane naye kwa shilingi ishirini, nawe umelipa maelfu kwa kitanda. Taka zako rudi nazo. Usimpige mtu picha kama mti. Msalimu kwanza, umwombe ruhusa. Na kama wewe ni mwanamume mwenye fedha, yule binti akuleteaye soda ni mtoto wa mtu. Mwangalie kama ambavyo ungetaka binti yako aangaliwe. Kisiwa hiki kimezika watoto wa kutosha.

Neno la tatu ni kwa kanisa. Katika Injili ya Marko sura ya 6 twasoma kwamba Bwana Yesu aliwachukua wanafunzi wake, waliokuwa wamechoka, wakapanda chombo kwenda mahali pasipo watu ili wapumzike. Walipofika, mahali pale palikuwa pamejaa watu. Huo ndio msiba wa kila mtu arudiye mahali pake pa utulivu. Lakini Bwana hakugeuza chombo, wala hakulalamika kwamba mahali pameharibika. Aliwatazama watu wale akawahurumia, kwa kuwa walikuwa kama kondoo wasio na mchungaji, akaanza kuwafundisha. Jioni aliwalisha.

Kanisa lililo kandokando ya ziwa laweza kukaa likisikitika kwamba muziki wa Jumamosi usiku wawazuia watu kusali. Au laweza kushuka ufuoni na kuangalia ni akina nani walio pale. Wako vijana wapishi, walinzi, waendesha mashua na wafua mashuka ambao Jumapili asubuhi ndiyo saa yao ya kazi nyingi kuliko zote. Hawakulikataa kanisa. Saa yetu imewakataa. Ni nini kitakachotuzuia kuwa na ibada ya pili Jumapili jioni, au Jumatatu wageni wanapokuwa wameondoka? Umoja wa Akina Mama waweza kukaa na wasichana wanaoanza kazi, kuwashauri kama mama azungumzavyo na binti yake. Wazee wa kanisa waweza kuwa mashahidi wakati mjane aletewapo karatasi ya kutia sahihi, asikae peke yake mbele ya watu wenye mikoba. Hiyo nayo ni huduma ya kuweka mikono juu ya mgonjwa.

Wengi wenu mnakumbuka lile tuta lililojengwa katika miaka ya 1980 kuunganisha Mbita na Rusinga. Lilitupitisha vizuri sisi na magari yetu, lakini liliyaziba maji yasipite kati ya ghuba na ziwa kuu. Ikapita miaka mingi kabla halijafunguliwa, daraja likajengwa. Sasa watu wapita juu na maji yapita chini. Watu wa visiwani hawakulazimika kuchagua kati ya barabara na maji. Ilihitajika tu mtu aliyeyakumbuka maji wakati wa kujenga barabara.

Vivyo hivyo na wageni wetu. Publio alikuwa na nyumba kubwa na wageni sebuleni, na katika chumba cha ndani alilala mzee mgonjwa. Paulo hakutosheka kula mezani. Alikwenda mpaka chumba cha ndani. Kila kisiwa kina chumba chake cha ndani, mahali ambapo picha za watalii hazifiki, na huko ndiko Mungu anakoangalia ili ajue kama mwenyeji amepona.

Yule mama mzee hajauza bado. Wanawe watakuja nyumbani Desemba, na kiti cha mzee wa kanisa kimekwisha kuwekwa chini ya mti ule. Mkumbukeni katika maombi, pamoja na wote wenye swali kama lake.

Tuombe.

Ee Mungu Baba, nchi na maji ni mali yako, na sisi ni wageni wako. Twakushukuru kwa ziwa hili na kwa visiwa ulivyoviweka ndani yake. Uwabariki wanaokuja, wasiingie kama wanyang'anyi. Uwabariki wanaowapokea, wasiuze kwa hofu wala wasifunge mlango kwa uchungu. Uwalinde watoto wetu walio ufuoni usiku. Uwape wajane watu wa kukaa nao. Na sisi kanisa lako utufundishe kushuka chomboni na kuwahurumia tunaowakuta. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu, aliyekuja kwetu kama mgeni, nasi tukapona. Amina.